Siku yangu moja ya kupima mitaro Tandale, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi nipo kituoni nasubiri daladala. Begani nina pawabenki mbili, futi ya mita 30, maji na kanga ya kujitanda jua likizidi. Gamboti nimezifunga kwenye mfuko, maana kondakta hapendi kuziona.

Napima mitaro. Nikisema hivyo wengi hudhani nachimba. Kila mtaro, kalavati, chemba na nguzo ya taa ya barabarani katika eneo nililopewa nakiingiza kwenye ramani ya kidijitali: kiko wapi, kimejengwa kwa mawe, zege au ni udongo mtupu, kina upana na kina gani, kimeziba kiasi gani. Na la muhimu kuliko yote, maji yanaelekea wapi. Vijana wa kuzibua hutumwa kwa kufuata ramani hiyo. Nikikosea mstari, wao watazoa taka pasipohusika, na masika ikifika maji yataingia chumbani kwa mtu aliyelala.

Kazi hii sikuianza mimi. Tangu 2015, kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata hizi pamoja na wenyeji, wakachora nyumba na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Sisi tunarudia, tunasahihisha, tunaongeza. Mtaro haukai kama ulivyochorwa. Mtu hujenga juu yake, mwingine huugeuza, na mfuniko wa chemba huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Saa 2 nasaini kitabu kwenye ofisi ya mtaa, napewa mjumbe wa kunisindikiza. Bila mjumbe hupimi hata hatua moja. Hadi saa 4 tumemaliza mitaro 11, kazi ya kuinama na kuinuka.

Niseme kidogo kuhusu simu, kwa sababu watu huamini setilaiti inajua kila kitu. Simu yangu ikiona anga vizuri hukosea kwa mita kama 5. Uwanjani hiyo si neno. Tandale, ambako uchochoro mwingine unapita kwa ubavu, mita 5 ni chumba kizima cha jirani. Kwa hiyo nukta ya simu siitegemei peke yake. Nafungua picha iliyopigwa na droni, nahesabu mapaa kutoka msikitini: la kwanza, la pili, la tatu lile lenye tairi juu. Hapo ndipo naweka alama.

Baada ya saa 4 tukafika mahali mtaro unaingia chini ya nyumba na kupotea. Barazani ameketi bibi, anachambua mchele.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Hiyo futi iweke chini kwanza.”

Nikaiweka. Akauliza kama nimekuja kupiga X. Swali hilo nalipata kila siku na silishangai: mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu, zikabomolewa. Mjumbe akajaribu kunitetea, bibi akamnyamazisha kwa mkono. Akanieleza mafuriko ya Desemba 2011, maji yalivyofika dirishani, alivyompandisha mjukuu juu ya kabati. “Kila mara anakuja mtu na karatasi. Wewe umekuja na simu. Tofauti yenu nini?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwonyesha paa lake kwenye kioo. Akaniambia niifute nyumba yake humo. Nikamweleza sina mamlaka ya kumuahidi kwamba haitaguswa. Ninachoweza ni kuandika kwa ukweli kwamba mtaro unapita chini yake na kwamba umeziba. Tukaenda hivyo, yeye akirudi kwenye X, mimi nikirudi kwenye maji, jua likawa utosini na pawabenki ya kwanza ikaisha. Nilichoka. Lakini kuondoka bila ruhusa yake nisingeweza, kwa sababu anayelala pale ni yeye.

Mwishowe akasema, “Haya, unataka kujua maji yanatokea wapi? Muulize huyu.”

Mjukuu wake, wa darasa la tano, akaokota vifuniko vitatu vya chupa, vya bluu, akavitupa mtaroni mbele ya baraza. Ramani yetu ilionyesha mtaro unanyooka hadi mtaro wa barabarani, mstari uliokisiwa tu juu ya mabati. Tukasubiri barabarani: hakuna kitu. Mtoto akacheka, akatuvuta uchochoroni, na nyuma ya choo, upande unaoshukia Mto Ng'ombe, kifuniko kimoja kikatokea polepole kwenye maji meusi. Baada ya muda kikaja cha pili. Cha tatu tulikingoja sana.

“Kimebaki jikoni kwangu,” akasema bibi. “Hapo ndipo maji yanapoanzia kupanda.” Akatuandalia chai.

Mchana uliobaki siukumbuki kwa saa. Kalavati mbili, mtaro wa udongo uliojaa mchanga hadi juu, nguzo tano za taa, mgongo unauma.

Giza limeshaingia, nimeloweka miguu kwenye beseni, natuma data kabla bando halijaisha. Mwenzangu anayekagua anauliza kwa nini mstari unapinda mahali ambapo picha haionyeshi mtaro. Kwenye nafasi ya maelezo naandika: Maji yanaingia mbele ya baraza, yanatokea nyuma ya choo, yanashuka Mto Ng'ombe. Vifuniko 3 vimeingia, vimetoka 2. Wazibuaji waanzie jikoni. Waombe ruhusa kwa bibi kwanza.