Honda ya shilingi 18,000

Leo Jumapili, baada ya alasiri, imewaka. Kiki ya tatu tu. Moshi ulitoka kidogo, ukaisha, kisha ikatulia kwenye mlio wake ule wa taka-taka-taka kama cherehani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni bila kusema neno. Mimi machozi yalinilenga, sioni haya kuandika.

Ni pikipiki, Honda CG125. Niliipata miezi minne iliyopita Shella (Shella yetu ya Malindi, si ile ya Lamu), imelazwa nyuma ya nyumba, kuku wametaga chini ya madigadi. Logibuku, hati ya umiliki, ilikuwapo na namba ya fremu ililingana. Pasipo hivyo nisingetoa hata senti. Muuzaji aliapa kwamba inataka plagi mpya tu. Tangi lilikuwa limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nami nikavutwa na rangi. Nilipofika nyumbani nikafungua kifuniko, nikamulika kwa tochi ya simu: ndani kumeiva kutu, rangi ile ile ya maji ya mto Sabaki mvua zikinyesha bara. Nilichukia mno. Siku mbili nzima sikuigusa.

Chuma huku kwetu hakina maisha marefu. Kusi ikivuma, chumvi inaingia mpaka kabatini, na kufuli la mlango wa uani tunalibadilisha kila baada ya muda. Pikipiki iliyoachwa nje Malindi haizeeki tu, inaliwa.

Nilikuwa na shilingi 15,000 za matengenezo, na zilikuwa hizo hizo, hakuna nyingine nyuma. Nikaenda kwa fundi wangu Maweni, mzee aliyeshika spana kabla sijazaliwa. Nikamwambia nataka kuanza na kiti na rangi. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, anza na kitakachokusimamisha. Kiti utakalia hata gunia."

Basi pesa ya kwanza ilikwenda kwenye breki shu za mbele na nyuma, kebo ya breki, na tairi mbili. Hizo tairi ziliniuma, maana za zamani zilikuwa na meno mazuri kabisa. Lakini mzee alinionyesha ubavuni tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisomeka 3209. Wiki ya 32, mwaka 2009. Akaukunja mpira kwa vidole na nyufa zikafunguka kama kisigino kilichokauka. Sikubisha tena.

Injini haikuwa na nguvu ya kubana. Mzee alitia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akapiga kiki, kiki ikawa nzito ghafla. "Ringi," akasema, yaani pete za pistoni. Kama ingebaki nyepesi vile vile, lawama ingekuwa ya vali.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda mashine hii kwa dhati. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wa nchi ambako pikipiki inabeba mizigo kila siku na matunzo ni ya kubahatisha. Wakaacha ile cheni ndefu inayopanda juu kuzungusha kemu, mhimili unaofungua vali, wakatumia vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma vali kutoka chini. Injini hiyo imeigwa mno na Wachina, na pikipiki zao nyingi zimejengwa juu yake. Ndiyo maana pistoni ya Honda yangu kongwe nimeipata duka la spea la kawaida hapa mjini, kwa bei ya bodaboda. Silinda, ambayo kiwandani huwa na upana wa milimita 56.5, ikapelekwa kwa fundi wa kukereza ikapanuliwa nusu milimita, na pistoni ya saizi hiyo ikaingia.

Cheni na sproketi (magurudumu yake ya meno) zote mbili nilinunua kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochakaa ni kutupa pesa.

Tangi nalo nililiosha mwenyewe uani. Nililijaza siki, nikatumbukiza nati kuukuu, nikawa nalitikisa asubuhi na jioni kwa siku nne. Halafu nikasuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, nikalianika, na siku hiyo hiyo nikazungusha ndani petroli iliyochanganywa na oili. Ukilichelewesha, kutu inarudi kabla ya magharibi. Na chujio dogo la petroli nimeliweka, kwa sababu sina imani kwamba nimeitoa yote.

Kitu ambacho sitakisahau ni jeti ya kabureta, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, ile ndogo ya mwendo wa chini. Ilikuwa imeziba, ya kijani. Mama aliiona juu ya meza, akaishika. "Si shaba hii?" Akaitia kwenye bakuli la ukwaju, kama anavyofanya sinia zetu karibu na Idi. Asubuhi ikatoka ya manjano, safi. Mzee alikuwa ameshanionya nisitumie sindano, kwani chuma kinapanua tundu, hivyo nikachomoa uzi mmoja mwembamba wa shaba kwenye waya wa umeme, nikaupitisha taratibu. Kisha nikaielekeza dirishani. Doa la mwanga, dogo kuliko punje ya mtama, likanitazama.

Jioni nimekwenda nayo hadi daraja la Sabaki, polepole, kwani kwa kilomita 500 za mwanzo nimekatazwa kuikimbiza. Nilisimama upande wa Mambrui, nikaizima, nikaiwasha tena kwa ajili ya kusikia tu. Kiti bado ni gunia lililokunjwa. Madigadi ya mbele ina tundu linalopita kidole.

Sasa imelala barazani. Nimetandika kipande cha boksi chini ya injini, nione asubuhi kama gasketi inavujisha.