Siku moja maishani mwangu: mtundika sufuria wa Masaki

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kutundika sanaa kwenye jumba la maonyesho, anadhani napiga msumari, naning'iniza picha, nakwenda zangu kunywa chai. Haya, nifuateni siku moja tu, tena siku ya ufunguzi.

Saa kumi na moja alfajiri nipo kituoni Tandale nagombea daladala. Saa moja na nusu nimeshafika Masaki, glovu mkononi, naanza na michoro. Hiyo haina maneno mengi: picha tisa za rangi ya mafuta, kitovu cha kila moja kikae sentimita 150 kutoka sakafuni. Futi, penseli, pimamaji, drili. Mbili turubai lilikuwa limelegea kwa unyevu wa pwani, nikagonga kabari za fremu kwa nyuma, likakaza. Saa tatu na nusu ukuta umejaa.

Ndipo akaingia dada msanii na sufuria zake.

Sufuria 96, kuukuu, kazinunua kwa mama lishe. Zimetoboka, zimebonyea, zimekolea masizi. Zote zining'inie darini kwa mshipi wa kuvulia, kila moja na urefu wake, kama zimeanguka kutoka mbinguni zikasita hewani. Kila sufuria ina namba, na kila namba ina kipimo chake kwenye karatasi. Yule msanii El Anatsui wa Ghana, mwenye mapazia ya vifuniko vya chupa, huwaachia watundikaji waikunje kazi wanavyoona inafaa. Mimi nimepewa karatasi.

"Fundi, ya 42 panda sentimita mbili."

Napanda ngazi. Mshipi unateleza, fundo la kawaida linafunguka lenyewe, inabidi lile la wavuvi, la kuzungusha mara tano na kulilowesha mate. Nashuka. Anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja.

"Irudishe."

Kiyoyozi tumekizima kwa sababu upepo wake unazizungusha. Saa sita, Dar es Salaam, dirisha limefungwa, nipo juu ya ngazi kichwa kikigusa dari. Jasho likidondokea ndani ya sufuria, naambiwa nipanguse jasho lakini nisiguse masizi. Chakula sikukumbuka. Saa sijui ngapi tulikuwa kwenye ya 71.

Kushuka chini kuchukua tatu za mwisho, hazipo. Nazikuta nje kwenye bomba, mama wa usafi amezisugua kwa steelwire na mchanga, zinang'aa unaweza kujitazama.

"Nimewasaidia, mwanangu. Mmeleta vyombo vichafu na wageni wanakuja."

Dada akakaa chini sakafuni, kimya. Mimi sikumlaumu mama hata kidogo. Dortmund, Ujerumani, mwaka 2011, mfanya usafi wa makumbusho alisugua doa kwenye kazi ya msanii Martin Kippenberger ya euro 800,000, nalo doa lilikuwa limepakwa rangi makusudi. Yule sijui kama aliambiwa, ila huyu wetu hakuna aliyemwambia.

Nikashauri kibatari. Mama akacheka. "Masizi ya kibatari yanapukutika. Sufuria inataka kuni." Akavunja mbao za kasha lililoletea picha, akapanga mafiga matatu ya matofali nyuma ya jengo, akazibandika zina maji. Akawa anazigeuza kidogo kidogo, "maana sufuria ya kweli huungua zaidi upande wa upepo." Dada alichuchumaa pembeni yake muda wote, macho mekundu kwa moshi, akiuliza maswali. Kwangu mimi siku nzima hakuwa ameuliza swali hata moja.

Wageni walipoanza kuingia nilikuwa bado nafunga ya 96. Walikunywa juisi, wakapiga picha chini ya sufuria, bwana mmoja akaniuliza picha za Tingatinga ziko chumba gani. Hatuna, mzee. Hakuna aliyetazama fundo hata moja, na ndivyo inavyotakiwa: likionekana, nimekosea.

Saa nne usiku nakusanya drili, mama yuko na fagio mlangoni.

"Kesho niguse nini?"

"Sakafu tu, mama."

Akainua macho darini. "Na buibui wakitanda?"

Nikamwambia hilo tumuulize dada.