Kadi Unayo?

Ni usiku wa Jumamosi, watoto wamelala, na kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu iko mezani inafanya kazi, jambo ambalo peke yake lingetosha kunipeleka kitandani na furaha. Badala yake nimekaa hapa nikiyarudia maneno mawili niliyoulizwa Jumatatu na kijana wa dukani huko Kariakoo, pamoja na jibu nililompa, ambalo kila nikilikumbuka masikio yangu yanapata moto.

Kompyuta mpakato yangu ilikata roho katikati ya kitabu cha Jiografia nilichokuwa nikikihariri, nikiwa nimebakiza sura mbili za kupanga, na ndiyo sababu nilifikia uamuzi wa kuunda nyingine mwenyewe. Mume wangu alishauri ninunue kompyuta ya mezani iliyokwisha kuundwa, ya mtumba, kama walivyofanya wenzangu wote kazini, na kwa hesabu ya fedha ushauri wake ulikuwa mzuri. Mimi nilitaka mashine ambayo siku ikigoma nitajua nianzie wapi kuitafuta. Kwa miezi miwili niliandika orodha nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, nikifuta na kuandika upya: prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, bodi ya B550 ya kuchomekea vifaa vyote, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 16 katika vipande viwili, SSD ya kuhifadhia mafaili, pawasaplai ya wati 550 ya kugawa umeme, na keisi ya kuvifungia vyote. Jumatatu niliikunja nikaitia mkobani, nikashuka Kariakoo kama mtu aendaye kununua mahitaji ya shughuli.

Kijana alinipa shikamoo, nikaitikia. Akaipitia orodha kwa kidole, akawa anatoa maboksi moja baada ya jingine, na alipofika kwenye prosesa akabaki nayo mkononi bila kuiweka juu ya kaunta.

"Kadi unayo, mama?"

"Ninayo," nikamjibu, "lakini nitalipa kwa simu."

Akanitazama. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake akikunja nyaya akakohoa, na mimi nikajiambia papo hapo kwamba kile hakikuwa kikohozi cha mafua. Kisha yule kijana akasema, "Haya, sawa," akaiweka prosesa pamoja na vingine, akaandika risiti.

Usiku huohuo nilitandaza kila kitu kwenye meza ya chakula. Prosesa ina alama ya pembetatu ya rangi ya dhahabu kwenye kona moja, na ukiilinganisha na alama iliyoko kwenye bodi, inazama yenyewe bila kusukumwa. Skrubu ya kubana SSD ni ndogo mno. Iliniponyoka ikabingirika chini ya kabati, na mtoto wangu wa mwisho akaenda kuivua huko kwa mwanga wa simu na kijiti cha mshikaki. RAM nilizichomeka kwenye nafasi ya pili na ya nne kama kitabu cha maelekezo kilivyoagiza, nikizikandamiza hadi zikalia "tak". Vile viwaya vya swichi ya mbele, vyenye maandishi ya kuchungulia, vilinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Karibu saa sita ya usiku nilibonyeza kitufe, feni zikazunguka, mtoto ambaye alipaswa kuwa amelala akapiga makofi, nasi sote tukaigeukia monita, ambayo ilitangaza kwamba haipati ishara yoyote, kisha ikazima kioo chake.

Jumanne nilizitoa RAM nikazirudisha, nikajaribu kwa kipande kimoja, kisha kwa kile kingine. Nikakagua waya wa umeme wa prosesa wenye matundu manane, ambao wanaoanza wengi huusahau. Mimi sikuwa nimeusahau. Jumatano nilisoma kwamba baadhi ya bodi zilizokaa dukani muda mrefu haziitambui prosesa mpya zaidi yao mpaka BIOS, ile programu ya kuiamsha bodi, ibadilishwe, nikaichomoa betri ya bodi, ile ya mviringo, nikangoja, nikairudisha, na giza likabaki lilelile. 

Muda wote huo pembeni mwa bodi palikuwa na taa moja nyeupe, ndogo, imewaka kando ya herufi VGA. Niliiona tangu usiku wa kwanza. Kwa kuwa nilizijua herufi hizo kwenye nyaya za zamani za monita zenye kichwa cha buluu, nilidhani bodi inanung'unika kwa sababu nimeiletea waya wa monita wa kisasa, wa HDMI, nikaipuuza kama anavyopuuzwa mgeni anayelalamikia chumvi.

Alhamisi ndiyo siku ninayoionea aibu zaidi. Nilijiaminisha kwamba prosesa haikukaa vizuri, nikaamua kuinua feni yake. Hapakuwa na mtu wa kunionya kwamba ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto hushika kama gundi, na kwamba inafaa kuizungusha feni taratibu kwanza kabla ya kuivuta. Niliivuta wima, na prosesa ikaja nayo, imeng'ang'ania chini yake, ilhali mkono wa chuma unaoibana ulikuwa bado umefungwa. Prosesa ya aina hii ina pini 1,331. Tatu za ukingoni zilikuwa zimelala.

Sikulia, ingawa nilikwenda kunawa uso mara mbili. Nilichukua kadi yangu ya benki, nikaupitisha ukingo wake kati ya mistari ya pini, nikizisimamisha kidogo kidogo na kuinama mara kwa mara kutazama kwa jicho moja, kama fundi seremala anavyopima ubao. Kazi hiyo ilinichukua zaidi ya saa nzima. Fundi simu wa mtaani kwetu akanigawia pesti kwenye kipande cha nailoni na hakutaka hata shilingi, nikairudisha prosesa mahali pake, ikazama bila kusukumwa. Feni zikazunguka, monita ikabaki gizani.

Ijumaa mchana, nikila wali ofisini huku nikisoma kwa mara ya kumi maelezo ya vifaa nilivyonunua, nilifika kwenye sentensi niliyokuwa nikiiruka siku zote. Prosesa ya 5600G ina sehemu ya kutengeneza picha ndani yake, lakini 5600 isiyo na herufi G haina. Tundu la HDMI lililoko nyuma ya bodi ni mlango tu, na kwa prosesa yangu nyuma ya mlango huo hapakuwa na mtu. Ili nione chochote nilihitaji kadi ya picha.

Kadi. Kijiko kilibaki hewani.

Kuanzia hapo sikuhariri hata ukurasa mmoja. Kila nilipoifungua sura ya mito na maziwa nilimsikia akiniuliza, "Kadi unayo, mama?", nami nikimjibu kwa sauti ya mtu mwenye akiba benki kwamba ninayo. Kilichoniuma zaidi ya lile jibu ni lile "Haya, sawa." Alijua, nikasema moyoni. Alijua kwamba sijui, akaniacha nibebe maboksi yangu hadi nyumbani, ili yeye na mwenzake wa kikohozi wapate la kuchekea wiki nzima. Niliyarudia maneno hayo nikibadilisha jibu: mara namuuliza, "Kadi ipi?", mara namwambia, "Hapana, nipe mnayoiuza", mara ninajifanya nimesahau na kurudi mlangoni. Leo asubuhi ndani ya daladala nilipanga hotuba fupi, ya heshima, yenye makali mwishoni, nikaifanyia mazoezi tangu nilipopanda hadi niliposhuka.

Nilimkuta yeye mwenyewe kaunta.

"Shikamoo, mama. Imekubali?"

"Marahaba. Haijakubali, kijana wangu. Sikuwa na kadi."

Alishtuka, na mshtuko ule sikuuona kuwa wa kuigiza. "Nilidhani unayo ya kwenye mashine yako ya zamani," akasema. "Wanaokuja na orodha iliyopangwa vile huwa wanayo. Na uliposema utalipa kwa simu nikajua unanitania."

Hotuba yangu ilipotelea wapi, sijui. Nilisimama pale na mkoba kifuani, nikitambua kwamba kwa siku tano nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyenidhania kuwa mjuzi kuliko nilivyo, na kwamba kule kunitazama nilikokuhesabu kuwa dharau kulikuwa ni kutafuta namna ya kuupokea mzaha wa mtu mzima. Mwenzake alikuwepo vilevile, amejifunga skafu shingoni katika joto lile, ana kikombe cha tangawizi mbele yake, anakohoa kikohozi cha kusikitisha. Nikampa pole. Sidhani kama alielewa kwa nini nilimpa pole mara tatu.

Kijana alinitafutia kadi ya GT 1030, ya mtumba, ambayo hula wati 30 tu na kuupata umeme wake palepale inapochomekwa, bila waya wa ziada. Akaijaribu mbele yangu, akanipunguzia bei kabla sijaomba, akaniuliza kama nina swali lolote. Nilikuwa nayo manne na nikayauliza yote, pamoja na moja la kipuuzi kuhusu ile taa ya VGA, ambalo alilijibu kwa utulivu kabisa: ndiyo bodi ilivyokuwa ikisema kwamba haioni kadi.

Saa tisa alasiri picha ilitokea. Ulikuwa ukurasa wa BIOS tu, wenye namba na visanduku, lakini RAM zote zilihesabiwa gigabaiti 16, na prosesa yenye pini tatu zilizonyooshwa kwa kadi ya benki ilionyesha joto la nyuzi 41. Mume wangu alikuja akatazama, akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa meza ya chakula.

Ninachoendelea kukitafuna usiku huu ni kwamba swali la kuniokoa lilikuwa na maneno mawili. Kazini huwauliza waandishi siku nzima, mchoro upi, jedwali lipi, ukurasa gani, na hakuna aliyewahi kuniona mjinga kwa hilo. Pale kaunta, na orodha yangu nzuri mkononi, sikuweza kusema, "Kadi ipi?"

Mashine hii ni kimya. Ile ya zamani ilivuma kama kinu cha kusaga, na kwa miaka minne nimefanya kazi usiku bila kusikia kitu kingine chochote humu ndani. Sasa kwa mara ya kwanza nasikia tone likidondoka, kisha jingine, upande wa chumba cha watoto, ambako juu yake ndiko liliko tangi la maji. Nimekwenda kumulika kwa simu. Dari ina doa la ukubwa wa sinia, na katikati yake pamelegea.

Nimekivuta kitanda cha mdogo hadi ukutani na kuweka beseni. Fundi bomba hapokei simu saa hizi.