Ufunguo wa Tatu

Niligundua kwamba ufunguo haumo mfukoni nikiwa nimesimama kando ya gari lenyewe, huku watu waliohudhuria mahafali ya binti yangu wakipita kwa makundi kuelekea kwenye magari yao. Nilijipapasa mifuko yote, nikarudi ukumbini, nikainama chini ya viti vya safu tuliyokuwa tumekaa, nikawauliza walinzi na wafagiaji, kisha nikarejea mikono mitupu. Mpaka hapo nilikuwa nikihofia usumbufu tu. Hofu yenyewe ilinijia nilipoikumbuka lebo.

Lebo hiyo ilikuwa kipande cha plastiki ya manjano, kipana kama kidole gumba, ambacho gereji moja ilikuwa imekifunga kwenye pete ya ufunguo nilipopeleka gari kubadilishwa oili. Mafundi waliandika juu yake namba ya gari kwa wino usiofutika ili wasichanganye funguo za wateja, nami kwa miezi mitano nikawa naiona kila siku na kila siku naahidi kwamba nitaikata. Ufunguo mtupu ukiokotwa hausemi ni wa gari lipi, lakini wangu ulikuwa na anwani yake. Tena kwa uwanja ule aliyeuokota hakuhitaji hata kujua kusoma: angebonyeza rimoti tu, na gari langu lingemkonyezea taa kutoka lilipoegeshwa.

Kwa hiyo sikubanduka. Mke wangu alikodi teksi kwenda nyumbani kuchukua ufunguo wa akiba, nami nikakaa juu ya boneti kwa zaidi ya saa moja, nikimkazia macho kila mtu aliyetia mkono mfukoni, jambo ambalo sijivunii hata kidogo. Nilipata angalau wasaa wa kufikiri. Nilikumbuka kwamba katika kisanduku cha dashibodi kulikuwa na nakala ya kadi ya gari yenye anwani ya nyumbani, na kwamba mtu akifanikiwa kufungua mlango tu, hata kama hakuliondoa gari, atakuwa ameijua nyumba. Ufunguo wa akiba ulipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitoa karatasi ile na kuitia mfukoni.

Usiku ule nilikusudia kukata betri. Nilishika spana namba 10 na tayari nilikuwa nimelegeza nati ya waya hasi, aliponikuta mzee jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, ambaye hapitwi na jambo lolote linalofanyika chini ya boneti.

“Mwanangu, ukiikata hiyo, kengele nayo italia kwa umeme gani?”

Sikuwa na jibu. Zipo kengele zenye betri yake ndogo ya ndani, lakini ya kwangu haikuwa hivyo, na kwa kukata waya ningekuwa nimemnyamazishia mwizi kazi yake. Mzee alinielekeza kwenye boksi la fyuzi, tukasoma mchoro ulio upande wa ndani wa kifuniko kwa mwanga wa tochi, tukaichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, ile ya rangi ya bluu yenye maandishi 15. Alinieleza kwamba injini inaweza kuwaka kwa sekunde chache kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, kisha itazima, na mwizi aliyezimikiwa na gari katikati ya lango la mtu hana subira ya kutafuta sababu. Baada ya hapo alileta gari lake akaliegesha nyuma ya langu, bampa kwa bampa. Ulikuwa ulinzi madhubuti kuliko wowote nilioupata katika mkasa huu, ila ulikuwa na gharama yake: alfajiri ya Jumapili alikuwa na safari, na mimi ndiye niliyeamshwa.

Polisi na bima nitavitaja kwa ufupi, kwa kuwa havikuwa na maajabu. Niliandikisha upotevu, nikapewa karatasi, nikaijulisha bima siku ile ile, kwa sababu wakala alikuwa ameniambia zamani kwamba gari likiibwa kwa ufunguo wake lenyewe, swali la kwanza litakuwa ni lini mwenye gari alijua kwamba ufunguo haupo, na alifanya nini baada ya kujua.

Jumatatu alikuja fundi wa umeme wa magari, kijana mpole mwenye kompyuta mpakato iliyopasuka kona. Kabla ya kugusa chochote alitaka aione kadi ya gari na kitambulisho changu. Wengine hukereka wakiombwa hivyo. Mimi nilifarijika, maana fundi asiyeuliza gari ni la nani ndiye wa kuogopwa. Kisha akanieleza jambo ambalo nililitumia gari kwa miaka minne bila kulijua. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri, ambayo ni kitu tofauti na rimoti. Ufunguo unapoingia kwenye swichi, duara la waya lililoizunguka swichi huipa chipu ile nguvu kidogo kwa mawimbi, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Gari lisipoitambua namba hiyo, injini haiendelei kuwaka. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuyalazimisha magari mapya kuwa na kinga ya aina hii mwaka 1998. Kwa hiyo, alisema, haina haja ya kuuwinda ufunguo uliopotea. Tunalisahaulisha gari.

Alichomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akabonyeza hapa na pale, kisha akatulia.

“Bosi, funguo zote ulikuwa nazo ngapi?”

“Mbili. Huu hapa, na huo uliopotea.”

“Gari linasema tatu.”

Aligeuza kioo cha kompyuta nikajisomea mwenyewe. Gari nililinunua likiwa limekwisha kutumika, na aliyeniuzia alinikabidhi funguo mbili, nikazihesabu, nikaridhika. Kumbe kwa miaka yote minne, usiku wote niliolala usingizi mnono, palikuwa na ufunguo wa tatu mahali fulani, kwenye droo ya mtu au mfukoni mwa mtu, ambao ungeweza kuliwasha gari langu muda wowote. Huu wa kupotea juzi ulinikosesha usingizi siku mbili. Ule haukuwahi hata kunikunisha kichwa.

Fundi alifuta zote tatu, akausajili upya ule wa akiba pamoja na mpya aliouchonga, halafu akazifuta na rimoti katika orodha yake nyingine, kwani chipu ikifutwa rimoti ya zamani inaweza kubaki ikifungua milango kama kawaida. Alinitahadharisha mambo mawili: meno ya ufunguo wa zamani bado yangefungua kitasa cha mlango mpaka nibadilishe silinda, na soketi ile aliyoitumia yeye hutumiwa pia na wezi wenye vifaa kama vyake. Silinda niliiahirisha. Kufuli la chuma la kubana usukani nililinunua siku ile ile.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nikilikunja koti la mahafali nilipeleke kwa dobi, nikahisi kitu kigumu chini kabisa, kwenye pindo. Mfuko ulikuwa umetoboka, na ufunguo ulikuwa umeteremka ndani ya bitana, na lebo yake ya manjano. Ilikuwa saa nne usiku, lakini sikuweza kungoja. Nilitoka nao, nikabonyeza rimoti, gari halikujibu. Nikauingiza mlangoni, kitasa kikafunguka, na papo hapo kengele ikaanza kupiga kelele. Nikiwa nimeharakisha kuketi, nikauzungusha kwenye swichi: stata ikazunguka, injini ikashika kwa pumzi moja, ikazima, na taa nyekundu yenye picha ya ufunguo ikawa inapepesa kwenye dashibodi. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ufunguo unaotambulika ulikuwa ndani ya nyumba, mezani, na kengele haikuwa na nia ya kunyamaza.

Mlango wa jirani ulifunguka, mzee akatoka na tochi mkono mmoja na rungu mkono mwingine, akanimulika usoni kupitia kioo cha dereva.

“Toka,” alisema, kabla hajanitambua.