Shubiri iliyochanua miaka minne bila mbegu

Nina kitalu kidogo cha miche Nyegezi, na nyuma ya nyumba nina mwamba. Mwanza ukinunua kiwanja unanunua na mawe yake. Juu ya mwamba huo kuna kichaka cha shubiri nilichokikuta. Nilipohamia, kilima kizima kilikuwa na shubiri. Nyumba zikapanda, mawe yakapondwa kokoto, kikabaki hicho changu.

Kila kiangazi kinachanua vizuri mno, maua mekundu. Mbegu, hakuna. Miaka minne nimesubiri nioteshe miche ya kuuza, na kila mwaka maua yanasinyaa, yanapukutika, bua linabaki tupu.

Nikasema nyuki wamekwisha. Jirani wa chini hupulizia dawa mchicha wake, na nusura niende kugombana naye. Bahati nzuri asubuhi moja niliketi nje na chai yangu nikatazama. Jua halijachomoza sawasawa, ndege wale wadogo waitwao chozi hao, wanne watano, wanachomeka midomo ndani ya maua mpaka vipaji vya nyuso vinageuka njano kwa chavua. Nyuki nao wakafuata. Basi ugomvi na mtu wa mchicha ukaishia hapo.

Aliyenifumbua macho ni mama jirani ambaye huja kukata majani ya kuloweka kwenye maji ya kuku, ugonjwa wa mdondo ukiingia mtaani. (Kama yanatibu, aulizwe yeye.) Akaniambia, "Baba Neema, hizi si watoto wa mama mmoja?" Kweli kabisa. Kichaka chote ni machipukizi ya mche mmoja, kwa hiyo hata yakiwa mashina ishirini, mmea ni uleule. Na shubiri kwa kawaida haishiki mbegu kwa chavua yake yenyewe. Chozi walikuwa wanaitoa ua hili na kuipeleka lile, kazi bure. Sidhani wanashindwa kuruka hadi kilima kingine. Ila katikati ni mabati matupu, na chavua kidogo wanayobeba huishia kwenye maua ya kwanza wanayotua.

Nikapanda pikipiki hadi Luchelele, ambako upande wa ziwani bado kuna mawe yenye shubiri. Nikakung'uta chavua kwenye kasha la kiberiti, nikarudi, nikaipaka kwa unyoya wa kuku. Haikushika hata moja.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonigharimu nauli mbili. Ua la shubiri humwaga chavua kwanza. Uzi wa kike, ule unaopokea chavua, hujitokeza baadaye, ua likiwa limekaribia kuchoka. Mimi nilikuwa nachagua yaliyofunguka asubuhi ileile, mabichi, mazuri, yasiyo tayari. Safari ya pili nikaacha hayo, nikatafuta yale ambayo uzi umechungulia nje ya mdomo wa ua. Nikapaka mabua mawili, nikayafunga nyuzi nyekundu, mengine nikawaachia chozi.

Mabua yenye nyuzi yakatoa vitumba vya mbegu, vya kijani, vyenye vyumba vitatu. Mengine yakabaki matupu kama kawaida yake. Vitumba vilipoanza kukauka nikavivika soksi kuukuu, kwa sababu mbegu zake zina vijibawa vyembamba na upepo wa ziwa hauombi ruhusa.

Nimezisia kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo. Miche iliyoota, nusu nitaiuza. Nusu nyingine inarudi juu ya mwamba, na mama wa kuku nimeshamwambia hiyo asiiguse.