Nilivyoikimbia Zinaa Malaba Hadi Nikaoa kwa Heshima

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu tamaa za mwili ulitoka kwa mtu aliyeijua Biblia vizuri. Aliniambia kwamba kijana aliyeokoka hana haja ya kuhama mahali wala kubadili mazoea, bali asimame imara palepale alipo na kumpinga adui, kisha akaninukulia Yakobo 4:7: "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Andiko ni la kweli, lakini alilipeleka mahali pasipo pake. Paulo alipowaandikia Wakorintho, watu wa mji wa biashara uliopitiwa na wasafiri wa kila namna, hakuwaambia waipinge zinaa. Aliwaambia, "Ikimbieni zinaa." Timotheo naye, ambaye alikuwa mtumishi wa Mungu, aliagizwa azikimbie tamaa za ujanani. Shetani hupingwa na zinaa hukimbiwa, na kijana anayefundishwa kuzichanganya amri hizi mbili anatwishwa vita ambavyo Mungu hakumpa.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha, Malaba, upande wa Uganda. Malori hutoka Mombasa kuelekea Kampala, Kigali na Juba, hupanga foleni mpakani, na madereva hulala wakisubiri karatasi. Na palipo na wanaume waliolala mbali na wake zao, wakiwa na fedha za safari mfukoni, biashara nyingine zote hufuata. Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma ya baa yenye vyumba vya wageni. Dada aliyeisimamia baa ile alikuwa mpole na mzuri wa sura, na ilikuwa desturi yake kunibishia hodi usiku kuniuliza kama nimekula.

Kwa kufuata ule ushauri wa kusimama imara, nilifunga na kuomba mle mle chumbani. Nilikuwa sili wala sinywi tangu alfajiri, nikitoka kazini najifungia ndani, nawasha taa, nasoma Zaburi kwa sauti ili nisiusikie muziki wa baa. Saa moja jioni harufu ya nyama choma ilikuwa ikiingia dirishani. Yule dada aliposikia kwamba sijala kitu, alileta chai ya tangawizi na chapati mbili zilizofunikwa kwa sahani, akaketi ukingoni mwa kitanda kwa kuwa chumba hakikuwa na kiti cha pili, na mlango ukajifunga wenyewe, kwani bawaba zake zilikuwa zimelegea. Nilikuwa na njaa, nimechoka kwa makaratasi ya siku nzima, niko peke yangu na mwanamke aliyenihurumia kwa dhati, nami nikikemea moyoni kwa jina la Yesu. Kukemea hakukubadili chochote mle chumbani. Kilichoniokoa ni kwamba nilisimama, nikaomba udhuru, nikatoka nikaenda kusimama barabarani kati ya malori mpaka nilipoona amerudi baa. Funga iliyofuata iliishia hivyo hivyo, na nyingine baada yake. Mathayo anasema wazi kwamba mjaribu alimjia Bwana wetu baada ya siku 40 za kufunga, alipokuwa ameona njaa, na sijui kwa nini wanaowaambia vijana wafunge hawawasomei mstari huo.

Usiku mmoja niliisoma tena habari ya Yusufu katika Mwanzo 39, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuhubiriwa. Sote tunakumbuka jibu lake, "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" na tunakumbuka vazi aliloliacha mkononi mwa mke wa Potifa. Lakini kabla ya hapo, mstari wa 10 unasema kwamba yule mwanamke alimsihi siku baada ya siku, naye alikataa kulala naye na alikataa hata kuwa pamoja naye. Alianza kukimbia mapema, wakati nyumba ingali imejaa watu, na siku aliyokamatwa vazi ilikuwa siku ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwamo nyumbani.

Nikahama. Nilikuwa nimekwisha kulipa kodi ya miezi ya mbele, laki tatu na kitu, na mwenye nyumba hakunirudishia hata shilingi. Wenzangu wa kazini walinisikitikia kana kwamba nimeibiwa. Yusufu aliacha vazi, mimi niliacha kodi, na sijawahi kuijutia.

Nilihamia Tororo, kwenye chumba cha uani kwa mzee mmoja mlokole, mstaafu wa shirika la reli, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kile cha wafanyakazi wa reli, kilichonyooka na kisicho na mapambo. Yeye ni mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ambao wazee wetu huuhesabu tangu Mganda Simeoni Nsibambi na mmisionari Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na watu wa uamsho huo wana desturi ya kutembea nuruni: ndugu hamfichi ndugu mwenendo wake. Nilimwomba aniulize swali moja kila Jumamosi jioni, nalo ni hili: tangu tulipoonana, ni wapi ulipokaa na nani, mkiwa peke yenu? Aliniuliza huku akimenya njugu, bila kuniangalia usoni, na alipotilia shaka jibu langu aliacha kumenya. Hakuhitaji kusema neno. Nawashauri vijana watafute mzee wa namna hiyo kabla ya kutafuta kitabu chochote cha mahubiri. Simu nayo niliiacha kwenye droo ya ofisi kila jioni, nikatembea na kitochi cha kupigia tu, maana mlango wa ile baa ulikuwa umehamia kwenye simu.

Wapo waliosema kwamba huo ni woga. Mimi huwakumbusha kwamba sisi Waganda wa madhehebu yote tunakwenda Namugongo kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka vijana waliochomwa kwa ajili ya imani yao mwaka 1886, na miongoni mwa mambo yaliyomkasirisha Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ni kwamba wavulana wa ikulu walizikataa tamaa zake. Karoli Lwanga, mkuu wa wavulana hao, aliwakinga wadogo wasifikiwe na mfalme. Nani atamwita Lwanga mwoga?

Kuhusu kuoa nako nilipewa ushauri wa kutosha kuniharibia maisha. Mhubiri mmoja aliahidi kunionyesha mke kwa ufunuo, kwa sadaka ambayo ingetosha kununua mbuzi wawili. Nilikataa, kwa sababu mtumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 24 hakuomba ndoto wala jina. Aliomba ishara ambayo yenyewe ni tabia: msichana atakayempa mgeni maji na kujitolea kuwanywesha ngamia pia. Ngamia walikuwa kumi, na ngamia mmoja mwenye kiu huweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Piga hesabu ya madumu ya lita 20, uyachote kwa ajili ya mtu usiyemjua, ndipo utaelewa alichokuwa akikipima.

Basi nikaamua kutomtafuta mke harusini. Harusini kila mtu amevaa vizuri, anatabasamu, na chakula kimeletwa tayari. Nilianza kufuatana na mke wa mzee kwenda mazishini, kubeba kuni na kufunga maturubai, kwa kuwa mazishini watu hupika, huchota maji, hulala chini, na uchovu huonyesha moyo wa mtu. Sijui kama kuna njia bora zaidi katika nchi yetu, na wanaocheka wakisikia hivyo nawaomba waende wakaone.

Ni katika mazishi ya mama mmoja wa kanisa letu ndipo nilipomtazama kwa makini mwalimu wa shule ya msingi ambaye nilikuwa namfahamu kwa jina tu kutoka ushirika wetu. Kisima cha pampu kilikuwa mbali, bondeni. Wasichana wengi walichota mara moja wakaenda kubadilisha nguo kwa ajili ya ibada. Yeye alipanda na kushuka na dumu la njano lililopoteza kizibo, akiliziba kwa ndizi mbichi, na baada ya wageni kula alirudi tena bondeni kuchota maji ya kuoshea masufuria. Mzee mmoja aliyekuwa amelewa alimtukana kwa kumcheleweshea chakula. Alimmiminia maji ya kunawa, akamwambia, "Karibu baba, nimekuwekea," na kweli alikuwa amemwekea. Sikuzungumza naye siku ile. Nilimweleza mzee, mzee akamweleza mkewe, na shangazi yangu akatumwa kuulizia kwao.

Alipokubali kuonana nami, tulionana barazani kwa mzee, mchana, watu wakipita. Boazi, yule aliyemwoa Ruthu, alifanya hivyo: jambo lililoanza usiku kwenye uwanja wa kupuria alilipeleka asubuhi langoni pa mji, mbele ya wazee kumi. Yule mwalimu hakuja kuposwa kimyakimya. Aliniuliza, "Ndugu, mshahara wako unakwenda wapi?" na nilipomaliza kueleza akauliza, "Na ukikasirika, unafanya nini?" Kisha akamwita mke wa mzee, akamwuliza mbele yangu kama nilivyosema ni kweli. Alinifundisha kwamba nilikuwa nimeuona mlango mmoja tu wa kiasi. Mithali 25:28 inasema, "Asiyetawala roho yake ni mfano wa mji uliobomolewa, usio na kuta," na roho hiyo ni pamoja na hasira na mfuko. Alitaka pia tupime virusi vya UKIMWI kabla ya wazazi kuhusishwa. Tukapima, na majibu tukayasoma pamoja.

Uchumba tuliufanya mfupi makusudi. Wapenzi wengi hapa Uganda hukaa miaka wakikusanya fedha za utambulisho, yaani sherehe ya kutambulishana familia, na za harusi, na mwishowe huanza kuishi pamoja bila ndoa, huku kanisa likiwalaumu wao peke yao na kuisahau familia iliyodai sherehe kubwa. Paulo alisema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Hakusema ni heri kusubiri tenti na keki. Mzee alikwenda kwa baba mkwe, akamwomba apokee sehemu ya ng'ombe sasa na waliobaki baadaye, naye, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mzee, akakubali. Mjomba mmoja alitaka iandikwe kwamba mahari itarudishwa ndoa ikivunjika, mzee akamkumbusha kwamba tangu mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi yetu imekwisha kusema madai ya kurudishiwa mahari yanakwenda kinyume na katiba. Matangazo yalisomwa kanisani Jumapili tatu, tukafunga ndoa mara baada ya ibada, na waumini wakanywa chai na mikate.

Taratibu zile sikuziacha. Nikitumwa Mombasa kufuatilia mizigo, nalala kwa ndugu wa ushirika hata kama ofisi imelipia hoteli, na mke wangu ana namba ya simu ya mama wa nyumba hiyo. Mzee bado ananiuliza swali lake la Jumamosi, na siku hizi tunakwenda kulijibu wote wawili.