Nyumba ya nyuki kumi

Juzi mpwa wangu kaniuliza, mjomba, nyuki akila dawa ya wadudu inayopigwa kwenye miembe anaumwa tumbo kama sisi? Nikamwambia anatetemeka, kusimama hawezi, anaanguka chali miguu inapiga hewani. Akaniangalia: na wewe umejuaje, na wao hawasemi?

Nimejua kwa vile vizimba tulivyowafungia nyuki tukawapima na dawa. Mliokuwepo mnakumbuka kelele za wakati ule, wafuga nyuki wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wanasema miembe ikitoa maua mizinga inapungua watu, wenye mashamba wanasema dawa zao ni za wadudu wa maembe tu, na kila mmoja anaapa. Tukaambiwa pimeni. Chumba tulikipata Malindi mjini, inkubeta ya kuazima, yaani sanduku la kutunza joto, na jenereta maana stima ikipotea joto linapotea nayo.

Watu hudhani ukishakuwa na dawa na nyuki umemaliza, kumbe kazi kubwa ni nyumba. Nyuki ukimfungia peke yake hakai sana atakufa, hata umpe asali ya aina gani, sasa utasema kauawa na nini? Utaratibu wa 2017 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima dawa, ule wa kuwalisha dawa kidogo kidogo kwa siku 10, unataka wakae kumi kumi, gizani, joto la nyuzi 33 hivi, unyevu asilimia 50 mpaka 70, chakula maji ya sukari. Na lazima pawe na vizimba vya sukari tupu, na humo wakifa zaidi ya asilimia 15 basi hesabu yote haifai, rudia. Kwa hiyo nyumba mbaya inaweza kuisingizia dawa, au kuificha. Plaiwudi tuliikataa mapema, inanusa gundi na inanyonya dawa, ukiosha haitoki. Fundi wa mabati akatukatia stili yenye matundu, mbele kioo cha kuteleza, juu tundu la kuchomeka bomba la sindano lililokatwa ncha, wananyonya wenyewe na sisi tunasoma kwenye mistari wamekunywa kiasi gani. Nilikipenda kile kizimba jamani, mpaka leo nakipenda.

Nyuki wenyewe tulipewa na mzee mmoja wa Gede, mrina asali tangu ujana. Tulichukua sega la majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyokaribia kutoka, tukalifunga blanketi lisipate baridi, matatu mpaka mjini. Wakitoka wanakuwa na manyoya ya kijivu, laini, hata kuuma bado hawajui.

Usiku mmoja mzee akasema anataka kuwaona watoto wake. Nikamwashia taa nyekundu, kwa sababu nyekundu nyuki hawaioni, kwao ni giza vilevile. Akachuchumaa mbele ya kioo, kofia kaiweka gotini, asiseme kitu. Ndani wamejikusanya pembeni, mmoja kashuka kwenye sindano ya sukari yenye dawa, kanywa, kageuka, mwenzake kamfuata katoa ulimi mrefu, na yule wa kwanza kafungua kinywa akampa. Wa pili akampa wa tatu. Tulikuwa tunasikia wanavyokwaruza stili kwa miguu. Najua kuhusu kugawana kwao, ndiyo sababu kipimo huhesabiwa kwa kizimba kizima si kwa nyuki mmoja, lakini kuiona ile dawa inapita mdomo kwa mdomo, kwa upole vile, nilishindwa kuendelea kuandika.

Mzee akauliza, "Humu majana hamna, eh?"

"Hamna, mzee. Wala malkia."

"Kwa hiyo huyu hana wa kumpelekea."

Akanyamaza, halafu: "Sasa mwanangu, na yule asiyekufa lakini njia ya kurudi kwangu kaisahau, sanduku lako litamwona?"

Halimwoni. Nilimweleza kwamba Ufaransa, mwaka 2012, watafiti walitoa matokeo ya nyuki waliobandikwa vitambulisho vidogo vya redio mgongoni, wakapewa thiamethoksamu, dawa ya kuua wadudu, kiasi cha kutowaua, wakaachiliwa mbali na mzinga, na walioshindwa kurudi walikuwa wengi kuliko wenzao wasiopewa. Akaitikia kwa kichwa. Hakushangaa hata kidogo, yeye ameshaihesabu hiyo mizinga kwa macho yake.

Kazi ikaisha, ripoti ikaenda. Baadhi ya mashamba siku hizi wanapiga dawa jioni nyuki wakishalala, wengine wanapiga saa nne asubuhi maua yakiwa yamejaa, nikipita na boda nauona ule mvuke wa dawa naumia. Kizimba chetu kilisema kweli, hilo nalisimamia popote, sukari tupu waliishi na wenye dawa walikufa na hesabu ipo. Ila kilijibu swali letu, na la mzee sijui bado kama lina nyumba inayoweza kulijibu, labda ni msitu mzima na mashamba yote pamoja, na hapo nani atasoma mistari ya sindano.